Spektra ya grafini haieleweki? Tutafute mchawi, ila kwa mpangilio

Umeweka sampuli ya grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, kwenye mashine ya Raman inayosoma jinsi mwanga wa leza unavyobadilika rangi ukigonga kitu, umepiga leza, spektra imetoka na wala haifanani na ile picha safi inayoonekana kwenye kila makala ya grafini. Wengi wetu hapo hapo tunaanza kuilaumu grafini, mara imechafuka, mara imechanika, mara aliyeikuza kaharibu. Mi naomba ubadilishe mpangilio wa lawama: anza na mashine na chumba ilimokaa, njoo kwenye kile ambacho grafini imekalia, kisha jiulize leza yako imefanya nini, grafini yenyewe iwe mshukiwa wa mwisho. Sisemi hivi kwa kujifanya mjuzi, nasema kwa sababu niliwahi kukaa karibu wiki nzima nikishangilia kilele kisichokuwepo, na hiyo stori naileta hapo chini.

Kabla ya dalili lazima ujue mzima anafananaje. Chukua grafini ya tabaka moja juu ya silikoni yenye oksaidi, leza ya kijani ya 532 nm. G, D na 2D ni majina tu ya vilele, na cm⁻¹ ni kipimo cha mwanga umehama kiasi gani kutoka kwenye leza, namba za vilele nitakazoacha bila kipimo ni za hizo hizo. Kilele cha G kinakaa karibu 1580 hadi 1585 cm⁻¹. Kilele cha 2D kinakaa karibu 2670 hadi 2680, kimesimama peke yake, umbo moja tu la Lorentz bila bega, upana wake ukipima kwenye nusu ya urefu ni kama 25 hadi 30, na kwa kawaida ni kirefu kuliko G mara mbili au zaidi. Mahali pa D, karibu 1345, panatakiwa pawe kimya. Silikoni nayo ipo pale 520.5 imejaa kama kawaida yake.

Afu kuna jambo moja ambalo ukilishika litakuokoa mara nyingi sana: G haihami ukibadilisha leza, ila D na 2D zinahama. D inasogea kama 50 cm⁻¹ kwa kila eV moja ya nishati ya leza, 2D inasogea mara mbili yake, kama 100. Ukitoka 532 nm kwenda 633 nm umepunguza nishati kwa kama 0.37 eV, kwa hiyo 2D inashuka kwa karibu 37. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba 2D iko 2700 na wewe unaiona 2640 usikurupuke, uliza kwanza mwenzio alitumia leza gani.

Hamna kitu, mstari umelala tu

Angalia silikoni. Hiyo ndo shahidi wako wa kwanza. Kama 520.5 nayo ni dhaifu, basi tatizo ni fokasi, au lenzi uliyoacha sio ile unayodhani, au kuna shata imefungwa mahali. Usiamini fokasi ya macho peke yake, maana kwenye mashine nyingi mahali picha inapoonekana kali na mahali leza inapokusanyika sio sehemu moja, zinapishana kidogo, na grafini ni atomu moja tu kwa unene, haikusamehi. Fokasi kwa picha, halafu zungusha taratibu juu na chini huku unaangalia urefu wa silikoni, simama pale inapokuwa ndefu zaidi.

Kama silikoni iko vizuri kabisa na G haipo, kuna mawili. La kwanza grafini haipo hapo ulipolenga. Kwenye oksaidi ya kama nm 90 au ile ya karibu 285 hadi 300 grafini inaonekana kwa hadubini ya kawaida kwa sababu mwanga unarudi ukijigonga na kuongeza tofauti ya rangi, ila kwenye glasi au kwenye oksaidi ya unene wowote tu utatazama hadi macho yaume, maana tabaka moja linameza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Nimeona mtu akipima kwa dakika arobaini kipande cha vumbi. La pili, unene wa oksaidi ukiwa mbaya, ule mgongano wa mwanga unaua ishara badala ya kuiongeza, kwa hiyo grafini ipo lakini sauti yake imemezwa.

Usikimbilie kuongeza pawa. Ongeza muda kwanza. Ila ukiongeza muda sana utaanza kuona vitu viwili ambavyo ni hewa tu unayoivuta: oksijeni kwenye 1556 na naitrojeni kwenye 2330. Ile ya 1556 ina ubaya wake kwa sababu iko jirani na G, na mtu mwenye hamu ya kuona grafini ataiona grafini. Ukiona 1556 na 2330 zimetokea pamoja, jua unapima chumba.

Kuna kilele ambacho hakipo kwenye picha za wengine

Sasa hii ndo stori yangu. Leza ilikuwa 532, sampuli ya kawaida tu, na kila spektra ilikuwa na kilele chembamba karibu na 2440. Grafini kweli ina kilele kidogo maeneo hayo, karibu 2450, kwa hiyo nikasema aah hiki ndo chenyewe, ila mbona kwangu ni kirefu hivi? Nikaanza kujenga nadharia. Nikabadilisha sampuli, bado kipo. Nikafurahi zaidi, matokeo yanajirudia! Jioni ya siku ya nne au ya tano mwenzangu akawa anaondoka, akazima taa ya dari kwa mazoea huku mi niko kwenye kioo naangalia spektra ikijichora moja kwa moja, kile kilele kikafa palepale. Nikamwambia ebu washa. Kikarudi. Zima. Kikafa. Tukacheza hivyo mara tatu nne, yeye anacheka mi sicheki.

Ni hivi: taa zile za mirija na zile za kuokoa umeme zina mstari mwekundu mkali karibu na nm 611, na ukiuhesabu mbali na leza ya 532 unaangukia karibu 2430 hadi 2450. Zebaki kwenye taa hizo hizo ina mstari wa nm 546.1, huo utauona karibu 485. Kipimo chake ni cha sekunde kumi tu: funga leza, acha ditekta ikusanye. Chochote kilichobaki sio Raman. Ndo maana siku hizi mi giza kwanza, mengine baadaye.

Wachawi wengine wa kundi hili wanajulikana. Kilele chembamba kama sindano, upana wa pikseli moja au mbili, kinachotokea mara moja na hakirudi, hiyo ni miale ya anga imegonga ditekta, piga kipimo mara mbili au tatu na programu itaifuta. Kama grafini yako imekaa juu ya boroni naitraidi, utaona kitu kizuri chembamba kwenye 1366 na utaandika kwenye ripoti kwamba una D, wakati huna. Hapa ile sheria ya kuhama inafanya kazi: badilisha leza, D itahama, ya boroni naitraidi itabaki 1366 imekutolea macho. Kama huna leza ya pili, tazama upana na tazama sehemu ambayo ina boroni naitraidi bila grafini juu yake. Ukiwa kwenye plastiki ya PET, kuna kilele cha plastiki karibu 1615 kinachobanana na G na pale D′ (kilele kingine kidogo cha kasoro) inapokaa, na kingine karibu 1730. Silikoni nayo ina mnong'ono dhaifu karibu 1450 na mlima mpana kati ya 940 na 980, hivyo ni vyake, viache. Na ukiona kitu karibu 2950 wakati D iko kimya, hicho mara nyingi ni haidrojeni iliyoshikana na kaboni, maana yake mabaki ya plastiki inayotumika kuihamisha grafini kutoka ilikokuzwa.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu, kabla hujapima grafini, sogeza leza maikromita chache pembeni mahali pasipo na grafini na pima hapo kwa mipangilio ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya grafini ni kile imekalia. Spektra hiyo ya mahali patupu ihifadhi kila siku, itakuja kukutetea.

Vilele vipo ila vimekaa juu ya mlima

Kama grafini bado iko kwenye shaba ilikokuzwa, na unatumia kijani, huo mlima ni shaba inang'aa yenyewe. Hakuna usafi utakaouondoa. Hamia leza ya bluu, 457 nm kwa mfano, mlima unapungua sana. Kama huna, kubali kuondoa besilaini, yaani ule msingi vilele vilipokalia, kwa programu ila usije ukatoa uwiano wa vilele hapo ukauamini, maana besilaini ukiikata juu kidogo tu G yako inapungua na 2D inabaki ile ile, hapo umejitengenezea tabaka moja kwa mauzauza ya kompyuta.

Kama tayari imehamishwa, mlima unatokana mara nyingi na PMMA, ile plastiki ya kuhamishia, iliyobaki. Osha tena kwa asetoni, iache iloe muda mrefu. Watu wanapenda kuchoma sampuli kwenye nyuzi kama 300 na gesi ya agoni na haidrojeni, inasaidia, ila tahadhari mbili. PMMA isipoondoka yote inaiva na kuwa kaboni isiyo na mpangilio, na hiyo inatoa mavimbe mawili mapana chini ya D na G, ukija kufiti, yaani kulinganisha vilele na maumbo ya hesabu, utasema grafini imeharibika wakati ni masizi tu yaliyokaa juu yake. Halafu kuchoma kunaikandamiza grafini ishikane na oksaidi, inabeba chaji zaidi, G inapanda, 2D inapungua urefu ukilinganisha na G. Sampuli ni ile ile, tabaka ni lile lile, ila spektra imebadilika na mtu anaanza kutafuta matabaka ya ziada.

Ukiwa na grafini iliyokuzwa juu ya silikoni kabaidi hali ni nyingine, kabaidi yenyewe ina vilele vyake vingi kati ya 1450 na 1750 vinavyopanda juu ya G. Hapo kutoa spektra ya kabaidi tupu sio hiari.

D imetokea

Hapa ndo penye kelele nyingi kwa hiyo tutakaa kidogo.

D inahitaji kasoro ili ionekane. 2D haihitaji, ndo maana grafini safi ina 2D kubwa na haina D kabisa, ingawa kwa jina ungedhani moja ni mtoto wa nyingine. Sasa swali sio tu je kuna kasoro, swali ni kasoro iko wapi na nani kaileta.

Anza na ukingo. Ukingo wa kipande ni kasoro. Doa la leza kwa lenzi ya ×100 yenye NA (uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) ya 0.9 na leza ya kijani lina kipenyo cha kama maikromita 0.7, hiyo ni hesabu ya 1.22 mara urefu wa wimbi gawanya kwa NA. Kama umelenga maikromita 0.3 tu kutoka ukingoni, ukingo umo ndani ya doa. Hata ufa mdogo au mkunjo uliopasuka usiouona vizuri unahesabika. Sogea katikati, pima tena. D ikipotea, grafini yako haina hatia. Kama una uwezo wa kuzungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, utaona D ya ukingoni inakuwa kubwa zaidi mwanga ukiwa sambamba na ukingo na inapungua ukiwa umeukata, hiyo ni saini nzuri ya kwamba ukingo ndo unaongea.

Pili, jishuku wewe. Pima sehemu moja mara tano mfululizo bila kugusa kitu, sekunde kumi kumi. D ikikua kutoka ya kwanza hadi ya tano, unaiunguza sampuli. Chini ya lenzi ya ×100 mi sipendi kuzidi mW 1 kwa grafini iliyokaa juu ya oksaidi, na kwa iliyoning'inia juu ya shimo nashuka zaidi, kwa sababu joto halina pa kukimbilia. Na pima pawa kwenye sampuli, chini ya lenzi, sio ile namba iliyoandikwa kwenye programu. "Asilimia 10" ya programu kwenye mashine mbili tofauti ni vitu viwili tofauti kabisa.

Zikishindikana hizo, basi kasoro ni za kweli, na sasa unaweza kuhesabu. Kwa kasoro za nukta nukta, umbali wa wastani kati ya kasoro moja na nyingine, tuuite L kwa nanomita, unapatikana hivi: L² ni 1.8×10⁻⁹ mara urefu wa wimbi wa leza kwa kipeo cha nne, gawanya kwa uwiano wa D na G. Kwa 532 nm namba ya juu inakuwa karibu 144. Kwa hiyo uwiano ukiwa 1, L² ni 144, L ni nm 12. Uwiano ukiwa 0.25, L ni nm 24. Sasa peleka sampuli ile ile ya nm 12 kwenye leza ya 633, namba ya juu inakuwa karibu 289, na uwiano unasoma 2. Umeona? Grafini haijaguswa na "kasoro zimeongezeka maradufu". Watu wanalinganisha D kwa G ya kijani na D kwa G ya nyekundu kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja, na hakuna anayestuka. Andika leza yako kila unapoandika uwiano, na useme ulitumia urefu wa kilele au eneo lake.

Halafu kuna mtego mkubwa zaidi. Hiyo hesabu ni ya L kuanzia kama nm 10 kwenda juu. Kasoro zikizidi kuongezeka, uwiano unapanda hadi kileleni pale L inapofika kwenye nm chache tu, halafu unaanza KUSHUKA, kwa sababu zile pete za kaboni zenye atomu sita sita zinazoifanya D itokee zimeanza kuvunjika zenyewe. Kwa hiyo uwiano mmoja, mfano 1.2, unaweza kuwa wa sampuli nzuri kiasi au ya sampuli iliyokufa. Tofauti ipo kwenye upana: sampuli iliyo upande mzuri ina D na G nyembamba na 2D imesimama, D′ inaonekana karibu 1620 kama kabega kando ya G. Iliyo upande wa pili vilele vimevimba, D′ imemezwa na G, 2D imelala kama kilima cha mchanga. Grafini oksaidi inakaa huko, na kuchukua uwiano wake wa D na G ukasema "umepungua kwa hiyo imepona" ni kosa ambalo nimelikuta mara nyingi mno.

Kama D′ inasomeka vizuri, igawanye D kwa D′. Ikitoka karibu 13, kasoro ni za aina ya atomu za kigeni zilizoshika kaboni kutoka juu. Karibu 7 ni matundu ya atomu zilizotoka. Karibu 3.5 ni mipaka ya chembe. Matokeo hayo ni ya mwaka 2012 na yanafanya kazi pale tu kasoro ni chache, usiyapeleke kwenye ile sampuli iliyokufa.

Uwiano wa 2D kwa G unasema matabaka mawili, mi najua ni moja

Uwiano peke yake haujui kuhesabu matabaka. Unabadilishwa na chaji, unabadilishwa na unene wa oksaidi chini, unabadilishwa hata na jinsi mashine inavyopokea rangi tofauti maana 2D na G zinaanguka sehemu mbali mbali za ditekta. Tazama umbo. Tabaka moja, umbo moja jembamba. Matabaka mawili yaliyopangana kawaida kama kwenye grafaiti, 2D inavimba hadi kama 50 na ukiifiti inataka maumbo manne. Hiyo ilishaonyeshwa mwaka 2006, miaka miwili tu baada ya Geim na Novoselov kuitenga grafini kule Manchester, na hadi leo ndo njia ya kuaminika zaidi.

Ila hapa napo pana mwizi. Matabaka mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine kwa kupishana pembe yanaweza kutoa 2D moja safi kama ya tabaka moja, maana elektroni za tabaka la juu na la chini haziongei sana. Kwa grafini iliyohamishwa mara mbili au iliyokua na vijitabaka juu yake hilo ni jambo la kila siku. Tumia rangi kwenye hadubini, au pima kimo kwa AFM (hadubini inayopapasa uso kwa ncha), au linganisha G na ya sehemu unayoijua kwamba ni moja. Ukikuta kipande kidogo G yake imelipuka mara kumi au ishirini kuliko jirani zake, usifikiri ni grafaiti: matabaka mawili yakipishana karibu digrii 12 hadi 13 yanapatana na leza ya kijani na G inapiga kelele hivyo. Badilisha leza, kelele inaisha.

G imehama

Kabla ya fizikia, silikoni. Iko 520.5? Kama programu inaamini leza ni 532.0 na kumbe ni 532.1, kila kitu kinasogea karibu cm⁻¹ 3.5, na hiyo inatosha kabisa kuandika makala ya uongo. Na silikoni inakuhakikishia pale pale ilipo tu, kwa 2D huko juu tumia taa ya neoni, au angalau hakikisha gretingi, kile kipande chenye mistari kinachotenganisha rangi za mwanga, haijasogea kati ya kipimo cha kwanza na cha pili.

Silikoni ikiwa sawa, yamebaki matatu: joto, chaji, kuvutwa.

Joto linaishusha G kama 0.016 kwa kila digrii moja, kwa hiyo digrii 100 za ziada ni cm⁻¹ 1.6. Punguza pawa nusu, pima tena. G ikipanda kurudi, ilikuwa joto.

Chaji inaipandisha G na kuifanya nyembamba. Grafini isiyo na chaji G yake ina upana wa kama 14 hadi 16, kwa sababu mtetemo wa G wenye nishati ya karibu 0.2 eV unaweza kujivunja kwa kurusha elektroni. Ukijaza au ukitoa elektroni hadi kiwango cha Fermi (nishati ambayo elektroni zimejaa hadi hapo) kisogee zaidi ya 0.1 eV, mlango huo unafungwa, G inaishi muda mrefu zaidi na upana unashuka hadi chini ya 10. Kwa hiyo G iliyopanda na kuwa NYEMBAMBA ni chaji, maji na oksijeni ya hewani yanatosha kuileta.

Kuvutwa kunashusha G na 2D zote, kukandamizwa kunazipandisha. Ukivuta upande mmoja tu kwa nguvu, G inagawanyika mara mbili, na ukiwa na uvutaji mdogo utaona imevimba tu.

Mara nyingi chaji na kuvutwa vinakuja pamoja, hapo chora nukta zako, G kwenye mhimili wa chini, 2D kwenye mhimili wa wima. Zikijipanga kwenye mstari wenye mwinuko wa karibu 2.2 ni kuvutwa au kukandamizwa. Zikijipanga kwa karibu 0.7 ni chaji ya mashimo, yaani elektroni zimetolewa. Kianzio, yaani grafini isiyo na chaji wala mvutano, kwa leza ya 514.5 ni 1581.6 na 2676.9, na kwa 532 ile ya pili unaishusha kama 8. Hii sisahau kuirudia kwa sababu mtu akitumia kianzio cha 514 kwenye data ya 532, sampuli zake zote zinakuwa "zimevutwa", na anakwenda kumlaumu aliyehamisha.

2D imevimba tu, bila sababu

Gretingi. Ukiwa na ya mistari 600 kwa milimita pikseli moja inaweza kubeba cm⁻¹ mbili au tatu, hapo upana wa 28 au 33 ni bahati nasibu. Weka 1800, fanya mlango wa mwanga uwe mwembamba, na pima upana wa silikoni kila siku, ukiongezeka mashine imechoka, sio grafini. Mashine ikiwa safi na bado 2D ni 35 au 40 yenye umbo moja, ndani ya doa lako kuna vipande vilivyovutwa tofauti tofauti, na mashine inakupa wastani wao. Hiyo sio kasoro, D itakuwa kimya.

Ramani inafifia kutoka kona moja kwenda nyingine

Sampuli imelala mshazari au jukwaa linashuka taratibu kwa joto la chumba. Chora ramani ya urefu wa silikoni kutoka data ile ile. Ikififia sambamba na G, ni fokasi. Rekebisha ulalo, acha mashine ikae imewashwa saa moja kabla, halafu rudia ukianzia kona ya upande wa pili: mfifio ukifuata saa badala ya mahali, ni jukwaa ndilo linaloshuka.